Risasi ni kiasi

Leo naomba tuachane kidogo na siasa na foleni za mjini, twende Isongole, wilaya ya Rungwe. Kwa wasiopafahamu: ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu, kabla hujafika Kiwira, abiria wakianza kufunga madirisha ya Kosta bila kuambiwa na konda, ujue umekaribia. Ni viazi, ukungu na mvua isiyojua kupumzika. Kijijini kwetu ni huko, upande wa baba.

Mada yenyewe ni bunduki. Msishtuke, sijahamia kwenye ujambazi. Nataka kuzungumzia jambo dogo sana ambalo wapiga bunduki wa dunia nzima huhangaika nalo: risasi kukaa mahali pake. Sizungumzii shabaha wala ukubwa wa bunduki. Nazungumzia risasi kukaa tu. Mimi mwenyewe sijawahi kufyatua bunduki hata siku moja. Lakini katika ukoo wetu kuna gobore lililopasuka mwaka 1989, na kwa sababu ya gobore hilo kuna watu wa damu moja ambao hawazikani. Na kwetu, mtu akikwambia fulani na fulani hawazikani, hakuna uadui mwingine unaouzidi huo.

Hadithi kama inavyosimuliwa kwenye ukoo ni hii. Ulikuwa msimu wa mahindi, na nguruwe pori walikuwa wanashuka kutoka msituni usiku na kumaliza mashamba. Babu alikuwa na gobore la kurithi. Alikuwa analala kibandani shambani, wakija anapiga moja, wanakimbia, anarudi kulala. Usiku mmoja alifyatua, gobore likapasuka mkononi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaondoka pale pale.

Wiki mbili kabla ya hapo babu alikuwa amegombana na mjane wa mdogo wake, aliyekuwa anakaa ng'ambo ya kijito. Sisi wajukuu tunamwita bibi wa ng'ambo. Ugomvi ulikuwa wa mpaka wa shamba la viazi. Babu alikwenda pale na gobore begani, kwa kutisha tu. Bibi akamwambia mbele ya watu: "Hiyo bunduki itakurudi mwenyewe." Ni hayo tu aliyosema. Bunduki ilipopasuka hakuna aliyetafuta ushahidi mwingine. Jiko lake lilichomwa moto, viazi vyake vikang'olewa vikiwa vichanga. Akachukua watoto wake watatu akaenda Mbalizi, na hakurudi tena.

Babu alifariki mwaka 2004. Bibi wa ng'ambo bado yupo, amevuka miaka 80, na ameleta ombi moja tu kwenye ukoo: akifa, azikwe Isongole pembeni ya mumewe. Ukoo ukagawanyika mara mbili. Kikaitishwa kikao, na mimi nikaomba ruhusa kazini nikapanda basi.

Kabla sijawapeleka kikaoni, naomba nianze na lugha, maana ndiyo inayonilisha. Kiswahili cha zamani kiliita risasi iliyokamilika "kiasi cha bunduki". Wingi wake viasi. Ukifungua makamusi ya wamisionari wa karne ya 19 utalikuta neno hilo. Siku hizi kiasi ni cha sukari na chumvi, lakini aliyeipa risasi jina hilo alikuwa anaifahamu bunduki vizuri. Baruti ni kipimo, risasi ni kipimo, na nafasi iliyopo kati ya hivyo viwili ni kipimo pia. Hicho cha tatu ndicho watu wengi hawakijui.

Neno jingine ni gumegume. Akina dada wanalitumia kumtukana mwanaume asiye na faida, lakini kwa asili bunduki ya gumegume ni ile inayowashwa kwa jiwe. Ilikuwa maarufu kwa kugoma kwenye unyevu, kwa hiyo tusi linakaa vizuri. Na mababu zetu hawakubaki nayo kwa kupenda. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba kule Brussels uliotangazwa kuwa wa kupambana na biashara ya utumwa. Ndani yake yakazuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoruhusiwa kwa biashara ni gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Wenzetu wakaendelea na risasi za ganda, sisi tukabaki tunashindilia.

Kushindilia ndiko kwenyewe. Gobore halina ganda. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unaweka kitambaa au nyuzi za mgomba, unaweka risasi, kisha unachukua mdeki, ule ufito mrefu, unasukuma mpaka kila kitu kikae chini kabisa. Kule nyuma kuna fataki ya kuwasha. Basi. Shida yote iko kwenye hayo maneno mawili, "chini kabisa".

Hili nililifahamu kwa bahati. Siku moja mhariri alinituma kuandika habari ya magobore yaliyosalimishwa polisi, na nikatafuta mtu wa kunieleza yanavyofanya kazi. Nikapelekwa kwa mzee mmoja hapa Mbeya, fundi wa silaha mstaafu wa jeshi. Nilimwamkia, nikakaa, nikatoa daftari. Nikamuuliza kwa nini magobore yanapasuka.

"Mjukuu wangu," akasema, "baruti na risasi ni kama mke na mume. Wakilala kitanda kimoja, nyumba ina amani. Ukiona kuna nafasi katikati yao, wewe kimbia."

Maelezo yake ni haya. Risasi ikikaa juu ya baruti, moto ukiwaka tu gesi inaanza kuisukuma, na risasi inaondoka taratibu huku ikiongeza mwendo. Lakini ikiwa risasi imekwama katikati ya mtutu, gesi inapata uwanja wa kukimbia kwanza. Inakuja kwa kasi na kukuta risasi imesimama kama ukuta. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, nguvu yote inajikusanya mahali hapo. Mtutu unavimba, au unapasuka, hapo hapo risasi iliposimama.

Na kwa nini risasi ikwame? Masizi. Baruti ile nyeusi haiungui ikaisha. Zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kuwa masizi na moshi. Masizi hayo yanapenda maji kama chumvi inavyopenda. Sehemu kavu yanaganda tu kwenye kuta za mtutu. Sehemu yenye ukungu yananyonya unyevu yanakuwa mazito kama ugali uliolala kwenye sufuria. Piga mara mbili tatu bila kusafisha, risasi itaanza kusitasita ikishuka. Ndiyo maana wenye busara husafisha mtutu, na huweka alama mbili kwenye mdeki: moja inaonyesha mtutu mtupu, nyingine inaonyesha mtutu ulioshindiliwa sawasawa. Alama ya pili ikibaki juu ya mdomo wa mtutu, usifyatue.

Msidhani ni uzembe wa watu wa vijijini. Baada ya vita vya Gettysburg huko Marekani mwaka 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000 uwanjani. Takriban 24,000 zilikuwa zimeshindiliwa bila kufyatuliwa, na karibu nusu ya hizo zilikuwa na mashindilio mawili, moja juu ya jingine. Moja ilikutwa na 23. Hao walikuwa askari waliofundishwa. Hofu na kelele zinatosha kumfanya mtu asitazame mdeki wake.

Nilipotoka kwa mzee yule nikaanza kusoma usiku kucha, na nikagundua kwamba hata bunduki za kisasa hazijaliacha tatizo hili. Nchi kama Marekani na Afrika Kusini kuna watu wanaotengeneza risasi za raifo wenyewe, mezani nyumbani. Wanachukua ganda lililotumika, wanalirudisha kwenye umbo lake, wanatoa fataki iliyokufa na kuweka mpya, wanapima baruti kwenye mizani. Mwisho wanakandamiza kichwa cha risasi kwenye shingo ya ganda kwa mashine ya mkono. Hatua hiyo ya mwisho inaonekana rahisi kama kufunga chupa kwa kizibo. Ndiyo inayowatoa jasho.

Cha kwanza ni kina. Kichwa kikibaki nje sana kinagusa mifuo ya mtutu kabla hujafyatua, na presha inapanda mapema. Ukighairi ukataka kuitoa risasi hiyo, kichwa kinaweza kung'ang'ania mtutuni, ganda likatoka peke yake na baruti ikamwagika ndani ya bunduki. Kikizama mno, nafasi ya baruti ndani ya ganda inapungua, na presha inaweza kupanda vilevile. Juu hatari, chini hatari.

Cha pili ni kulegea. Shingo ya ganda inatakiwa ikishike kichwa kama mkono unavyoshika jembe. Ganda lililotumika mara nyingi shingo yake inakuwa ngumu na kupoteza mnyumbuliko, au inapasuka ufa mdogo usiouona. Pia chombo cha kutanulia shingo kikiwa kinene kupita kiasi, kichwa kinacheza. Risasi iliyolegea inasogea yenyewe ndani ya magazini kila bunduki inapopiga teke.

Cha tatu ni kichwa kuingia upande. Mara nyingi mdomo wa ganda una ncha kali ambazo hazikusuguliwa, na kichwa kikishuka kinakwanguliwa shaba pembeni, unaona pete nyembamba inang'aa imebaki mdomoni. Dawa yake ni kusugua mdomo wa ganda ndani na nje, na kukisimamisha kichwa wima kabla ya kukandamiza. Wakati mwingine ganda lenyewe linabonyea mabegani, kwa sababu mashine imeshushwa sana na inabana mdomo wa ganda kabla kichwa hakijamaliza kushuka, au kwa sababu maganda hayalingani urefu.

Cha nne ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote. Mtu anaweka mashine yake vizuri, haigusi tena, lakini kila risasi inatoka na urefu tofauti. Anaanza kuilaumu mashine. Kumbe anapima kutoka nchani, na ncha za vichwa hazifanani, hasa zile za risasi laini zinazobonyea zikigongana kwenye boksi. Fundi mzuri hupima kutoka pale kwenye unene wa kichwa, sehemu itakayokutana na mifuo ya mtutu. Akipima hapo anakuta risasi zake hazikuwa na tofauti kubwa kihivyo. Zikiwa bado zinatofautiana, anafungua mashine na kukuta mafuta na vumbi vya chuma vimejikusanya ndani, au kisukumio hakikidhi umbo la kichwa, au baruti imejazwa mpaka juu na inakisukuma kichwa kirudi nje kidogo kidogo.

Nimewaeleza yote haya kwa sababu ya namna wanavyotafuta kosa. Kwanza wanatengeneza risasi ya majaribio isiyo na baruti wala fataki, ili isiue mtu. Wanapima. Wanabadilisha kitu kimoja tu, vingine wanaviacha kama vilivyo, wanapima tena. Wanaandika kwenye daftari. Sikukuta daftari hata moja lililoandikwa jina la shemeji.

(Na asije mtu akasema nimemtuma. Kwetu Tanzania Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kujitengenezea risasi bila leseni. Usijaribu.)

Lakini kazi hiyo imewahi kufanyika nchini kwetu, tena kwa wingi. Aprili 1915, katikati ya vita ya kwanza ya dunia, meli ya Wajerumani iitwayo Rubens ilifika pwani kaskazini mwa Tanga ikijifanya ni meli ya Denmark kwa jina la Kronborg. Ilikuwa imeleta bunduki na risasi. Wakati huo askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, zinazotoa moshi mzito unaomwonyesha adui mahali pa kulenga. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaikimbiza Rubens mpaka ghuba ya Manza na kuipiga. Meli ikazama kwenye maji machache. Mzigo mwingi uliopolewa, ila maji ya bahari yalikuwa yameingia kwenye risasi.

Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, ameeleza kwenye kumbukumbu zake kilichofuata. Risasi zilikuwa zinagoma, na kadiri siku zilivyokwenda zikazidi kugoma. Ikabidi zifumuliwe: kutoa vichwa, kusafisha baruti, kubadilisha baadhi ya fataki, na kurudisha kila kitu mahali pake. Kwa miezi kadhaa pale Moshi kazi hiyo ilifanywa kutwa nzima na askari, wanawake, na kila mtu aliyeweza kupatikana. Kisha risasi zikajaribiwa. Zile ambazo kama 20 katika kila 100 ziligoma zilipelekwa vitani. Zilizogoma zaidi ya hapo zikawa za mazoezi. Zile za zamani ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha.

Wanawake wale wa Moshi majina yao hayakuandikwa. Lakini fikiria mama amekaa chini tangu asubuhi, mbele yake rundo la viasi, anashika kimoja kimoja, anatazama kama kichwa kimekaa sawa. Hakuuliza ni nani aliyeziroga risasi. Sababu ilikuwa maji ya chumvi, na kila mtu aliiona.

Sasa twende kikaoni. Isongole nilifika Ijumaa jioni, mvua inanyesha. Nikapita kwa baba mdogo, mdogo wa mwisho wa baba. "Mugonile," nikamsalimia kwa Kinyakyusa changu cha mjini, akacheka, akanikaribisha jikoni kwenye moto. Mama mdogo alikuwa anapuliza moto kwa bomba la chuma. Bomba lenyewe upande mmoja lilikuwa jembamba na safi, upande wa pili limefumuka na kujikunja nje kama ua la boga.

"Hilo bomba la nini, mama?"

"Si mtutu wa babu yako huo," akajibu, akaendelea kupuliza.

Niliomba nilishike. Nikalipima kwa mkono: kutoka mdomo wa mtutu mpaka palipofumuka ni shubiri tatu kamili. Nikamuuliza baba mdogo kipande cha nyuma, chenye mtambo, kiko wapi. Akasema polisi walikichukua siku zile zile. Kilikuwa kimeharibika? "Hapana, kilikuwa kizima kabisa."

Hapo ndipo moyo ulianza kwenda mbio. Kama babu angezidisha baruti, mtutu ungetarajiwa kupasuka kule nyuma, karibu na uso wake. Lakini nyuma kulikuwa kuzima. Ulipasuka katikati, mahali ambapo mpigaji hushikilia kwa mkono wa kushoto. Na vidole vilivyoondoka vilikuwa vya mkono wa kushoto.

Baba mdogo mwaka ule alikuwa na miaka 10. Nilikuwa nafahamu kwamba usiku ule alikuwa shambani na babu. Nisichowahi kumuuliza mimi, wala mtu mwingine, ni alichokiona. Nikamuuliza.

Alichelewa kujibu. Akasema babu alikuwa amepiga juzi yake, na jana yake, na jioni ile mara moja. Usiku manyunyu yakaanza. Nguruwe wakarudi, babu akashindilia tena. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika tochi. Mdeki ulikuwa na alama iliyochongwa kwa kisu na baba yake babu. "Siku zote alama ilikuwa inafika mdomoni. Usiku ule ilibaki nje, hivi," akanionyesha shubiri nzima na zaidi. "Baba akaugonga mara mbili, mara tatu, haukwenda. Akasema potelea mbali, kwani napiga mtu?"

"Kwa nini hukusema, baba?"

"Nilikuwa mtoto. Na mzee mwenyewe alinyamaza. Mimi ningeanzia wapi?"

Wadau, hilo la babu kunyamaza limenikaa kooni mpaka leo. Ninavyoambiwa, babu hakuwahi kutamka kwamba bibi wa ng'ambo ndiye aliyemroga. Lakini alikuwa ameuona mdeki, na hakuwahi kusema siyo yeye. Watu walimsemea, na yeye akawaacha waseme. Jiko lilipochomwa alikuwa ndani na bendeji yake. Nilimpenda sana, kwa picha na kwa hadithi, na sasa inabidi nimpende na hilo likiwemo.

Kikao kilikaa Jumamosi, uani kwa baba mkubwa. Wazee walizungumza sana juu ya mila, juu ya makaburi, juu ya mpaka wa lile shamba. Kisha baba mdogo akaomba nafasi. Akaeleza habari ya mdeki, alama, manyunyu. Aliongea kwa ufupi. Kile kipande cha mtutu alikiweka kwenye majani mbele ya baba mkubwa.

Mzee mmoja hakukubali. Akauliza swali ambalo kusema kweli nilikuwa naliogopa tangu Mbeya: "Sawa, mdeki haukufika chini. Lakini siku zote ulikuwa unafika. Nani aliuzuia siku hiyo?"

Nilitaka kusimama kueleza mambo ya baruti kunyonya maji. Nilikuwa na daftari mkononi. Baba mdogo alinitangulia.

"Mimi," akasema. "Kusafisha mtutu ilikuwa kazi yangu, kila siku mchana. Siku mbili zile nilikuwa mpirani."

Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Mtu mzima, mwenye watoto wa sekondari, amesimama mbele ya ndugu zake na kofia mkononi. Nilielewa basi kwa nini jana yake jikoni aliniambia "nilikuwa mtoto" na kuishia hapo. Baba mkubwa akachukua kile kipande cha chuma, akakigeuza, akaingiza kidole palipofumuka. Akasema, "Ulikuwa na miaka 10, mdogo wangu. Kaa chini."

Nisiwadanganye kwamba yote yalimalizika pale. Yule mzee aliyeuliza swali aliondoka bila kula. Wapo wanaosema masizi ni masizi na uchawi ni uchawi, vyote vinaweza kuwa mle mle mtutuni. Lakini iliamuliwa watu wawili waende Mbalizi kwa bibi, wamsikilize, kisha kikao kikae tena. Baba mdogo aliomba awe mmoja wao. Mpaka naandika haya hawajaenda, viazi viko shambani.

Narudi mjini nawaza mlima wetu. Ni kwenye mlima huo huo Rungwe ambako wawindaji walikuwa wakimtaja nyani waliyemwita kipunji. Wakubwa waliona kama hadithi za msituni, mpaka watafiti walipowasikiliza na kumfuata, wakamwona mwaka 2003, na dunia ikatangaziwa mwaka 2005 kwamba kuna aina mpya ya nyani Afrika. Mpya kwa nani? Aliyeshika bunduki msituni alikuwa anamfahamu miaka yote. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu wa kumuuliza na kuandika jibu.

Kazi yetu sisi waandishi ni hiyo hiyo, na siyo lazima iwe gazetini. Kwenye koo nyingi kuna mtu aliyehamishwa, aliyenyimwa chakula cha msiba, au ambaye watoto wanakatazwa kupita kwake, kwa sababu ya gari lililopinduka, mtoto aliyeanguka, ng'ombe waliokufa, bunduki iliyopasuka. Mara nyingi aliyekuwepo usiku ule bado yu hai, amekuwa mtu mzima, na hajawahi kuulizwa. Nendeni mkamtafute aliyeshika tochi. Nendeni mapema, wazee hawatungoji.

Tuko pamoja.